Soda za Shughuli: Chupa ya Kioo, Plastiki au Kopo?

Hivi karibuni tulikuwa na ubarikio wa binti wa dada yangu, nami nikapewa kazi ya vinywaji. Kabla ya kutoa hela nilichukua chupa ya soda ya kioo nikaigeuza kwenye mwanga. Begani na karibu na kitako ilikuwa na mikanda miwili myeupe, kana kwamba imepigwa msasa. Nilidhani ni uchafu, nikaifuta, haikutoka. Ni michubuko: chupa husuguana kila zinapopita kwenye mashine za kiwandani, na kadiri mikanda inavyokuwa mipana ndivyo chupa ilivyozunguka zaidi. Ile niliyoishika ilishanywewa na watu wengi kabla yetu, na bado ilikuwa nzima.

Mikanda ile ndiyo inayoeleza tofauti ya bei. Kwenye soda ya kioo unanunua kinywaji na kuazima chupa. Ukinunua ya plastiki au ya kopo, chombo nacho umekinunua, na saa moja baadaye kiko kwenye pipa la taka.

Tupige hesabu

Bei hutofautiana mtaa hadi mtaa, kwa hiyo chukua hizi kama mfano, kisha weka za dukani kwako. Tuseme soda ya kioo ya mililita 350 ni shilingi 700, ya plastiki ya mililita 500 ni 1,200, na ya kopo ya mililita 330 ni 1,500. Wageni ni 96, kila mmoja soda moja. Kreti moja ni chupa 24, kwa hiyo ni kreti nne.

Kioo: shilingi 67,200.
Plastiki: shilingi 115,200.
Kopo: shilingi 144,000.

Kuna atakayesema plastiki ina soda nyingi zaidi. Ni kweli, basi tulinganishe kwa ujazo. Kreti nne ni lita 33.6. Kiasi hicho kwa plastiki ni chupa 68, yaani shilingi 81,600, na bado kioo ni nafuu. Isitoshe, shughulini watu huhesabiwa kwa vichwa. Mgeni akifunguliwa chupa ya nusu lita hunywa anachoweza na kuacha iliyobaki mezani, na hakuna wa kuimalizia.

Sasa gharama za kioo ambazo wengi huzisahau. Tuseme hela ya chupa ni shilingi 500 kwa kila moja, na chupa tano zimevunjika: hapo umepoteza 2,500. Bajaji ya kurudisha kreti iwe 5,000. Jumla inakuwa 74,700, na kioo bado kiko chini. Kumbuka tu kwamba siku ya kununua utahitaji fedha zaidi mkononi, kwa sababu hela ya chupa na ya kreti inalala dukani hadi utakaporudi. Usiiweke kwenye bajeti ya matumizi, kwa kuwa ni akiba yako.

Chombo kinaishia wapi?

Chupa ya kioo ikirudi kiwandani huoshwa kwa maji ya moto yenye kostiki, husuuzwa, hukaguliwa, kisha hujazwa upya. Iliyomeguka mdomo huondolewa, na hata hiyo haijafa: kioo huyeyushwa kikawa chupa tena bila kupungua ubora. Kila asilimia 10 ya vipande vya chupa inayoingia kwenye tanuru hupunguza nishati kwa karibu asilimia 3.

Kopo la alumini nalo lina heshima yake. Kuliyeyusha upya huokoa karibu asilimia 95 ya nishati ya kutengeneza alumini mpya, ndiyo maana wanunuzi wa vyuma chakavu hulitafuta, na mafundi wetu huigeuza alumini chakavu kuwa sufuria. Lakini hela ya kopo unailipa wewe, na ya chakavu anaipata mwingine.

Plastiki ndiyo yenye safari fupi. Chupa zake zikiokotwa na kuyeyushwa, ubora hushuka, na nyingi huishia kuwa nyuzi za kitambaa au bidhaa nyingine ambazo hazirudi kuwa chupa. Utafiti wa Roland Geyer na wenzake uliotoka mwaka 2017 ulikadiria kwamba, hadi 2015, ni karibu asilimia 9 tu ya taka zote za plastiki duniani zilizokuwa zimerejelezwa.

Wakati kioo hakikufai

Chupa ya kioo inayotumika mara moja na kutupwa ni mzigo zaidi kuliko ya plastiki: ni nzito kusafirisha, na tanuru lililoizaa hufika nyuzijoto 1,500 hivi. Faida yake yote iko kwenye kurudi. Kama unakwenda safari ya mbali, au watoto watacheza peku mahali hapo, au hakuna duka la karibu la kuzipokea, nunua plastiki, kisha zikusanye umpe muokotaji zikiwa tupu na safi.

Ukiamua kioo, fanya haya. Kagua chupa kabla ya kupokea, kwa sababu iliyomeguka utahesabiwa wewe. Dai karatasi yenye idadi ya chupa, kreti na hela uliyoacha. Niliwahi kurudisha kreti mbili duka moja bila karatasi, na mwenye duka akakana kunijua, hela yangu ikaenda. Mwisho, mteue kijana mmoja azunguke na kreti tupu wakati watu wanakunywa, asingoje mwisho wa shughuli.

Mwaka 2022 Coca-Cola ilitangaza lengo la kuuza angalau asilimia 25 ya vinywaji vyake katika vyombo vya kujazwa tena ifikapo 2030. Desemba 2024 ilitoa malengo mapya, na hilo halikuwemo. Ahadi za ofisini hubadilika. Muuza duka mwenye kreti zinazotoka na kurudi ataendelea kuziagiza, na zisiporudi ataacha.

Jumatatu asubuhi nilirudisha chupa 93 kati ya 96. Muuzaji alihesabu, akatazama karatasi, akanirudishia hela yangu. Kabla sijaondoka, mama mmoja alikuwa ameshachukua kreti mbili za msiba.