Lumumba: jina la mtu mmoja, wenye kulibeba ni wengi

Kwenye CAN ya Maroko, mwezi wa 12 mwaka 2025, kamera za televisheni zilikuwa zinamtafuta mtu mmoja kati ya mashabiki wa Léopards. Wenzake walikuwa wanaimba, wanacheza, wanapiga ngoma. Yeye alisimama juu ya kitu kilichoinuka, suti yake ikiwa na rangi za bendera, mkono wa kuume juu, bila kusogea dakika zote za mchezo. Nywele zimechanwa na kugawanywa pembeni, miwani usoni. Hakuna aliyehitaji kuuliza anamwiga nani. Ni sanamu ya Patrice Emery Lumumba, ile iliyosimama Limete, Kinshasa. Algeria ilipoitoa Kongo tarehe 6 mwezi wa 1, mchezaji mmoja wa Algeria alimkejeli kwa kuiga mkao ule kisha akajiangusha chini. Baadaye aliomba radhi, akasema hakujua maana yake.

Wengi waliokasirika siku ile hawakuwa Wakongomani. Jina Lumumba lilitoka mikononi mwetu zamani.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwenyewe hakuzaliwa nalo. Tarehe 2 mwezi wa 7 mwaka 1925, katika kijiji cha Onalua, teritware ya Katako-Kombe huko Sankuru, mtoto wa François Tolenga na Julienne Wamato aliitwa Élias Okit'Asombo. Kwa Kitetela wengi hulifasiri hivi: mrithi wa waliolaaniwa. Jina Lumumba alilichukua baadaye, na ndilo alilokwenda nalo mjini Stanleyville, Kisangani ya leo, alikofanya kazi ya posta, akaandika magazeti, akafungwa, akatoka, akawa mwanasiasa. Kwa desturi zetu hilo si ajabu. Kwetu jina halishuki kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto kama kwa Wazungu. Ndugu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina tofauti, na mtoto anapewa jina la babu, la rafiki, au la shida iliyokuwapo siku ya kuzaliwa.

Alikuwa waziri wa kwanza kwa muda usiofika miezi mitatu. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 1961 aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Maiti zao zilifukuliwa, zikakatwa, zikayeyushwa kwa asidi. Waliofanya hivyo walitaka pasiwe na kaburi wala mahali pa watu kukusanyika.

Matokeo yalikuwa kinyume, na haraka. Mwezi uliofuata Moscow iliita chuo kikuu chake kipya cha wanafunzi wa inchi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kwa jina lake. Chuo kililiacha jina hilo mwaka 1992, Umoja wa Kisovyeti ulipokwisha, kikalirudisha mwaka 2023, wakati Urusi ilipokuwa inatafuta tena marafiki Afrika. Mtu anaweza kuona hapo kwamba jina la mfu ni kitu cha kutumiwa pia.

Kwa majirani zetu wa mashariki jina liliingia katika maisha ya kila siku. Dar es Salaam ina Mtaa wa Lumumba, na ni katika mtaa ule, ukiwa bado na jina la kikoloni, chama cha TANU kilizaliwa mwaka 1954. Ofisi ndogo ya CCM iko huko hadi leo, ndiyo maana Mtanzania akisema « Lumumba wameamua », hazungumzi juu ya mtu wa Sankuru bali juu ya wakubwa wa chama tawala. Zanzibar ina shule ya sekondari ya Lumumba. Kampala ina Lumumba Avenue, na Makerere ina bweni la wavulana lenye jina hilo. Kisumu, ukisema unaenda Lumumba, watu wataelewa unaenda hospitali. Kwetu Bukavu ni barabara inayopita Ibanda. Kinshasa ni bulvari ya kwenda kiwanja cha ndege cha N'djili, na wengi wanalitaja jina wakiwa wamekwama katika foleni ya magari na kulaani.

Halafu kuna watu. Nchini Kenya, mwaka 1962, alizaliwa mtoto atakayejulikana kama Patrick Loch Otieno Lumumba, mwanasheria mwenye kusema vizuri kuliko wengi, aliyeongoza tume ya kupambana na rushwa kati ya mwaka 2010 na 2011. Vijana wa Goma na Bunia wanaosikiliza hotuba zake kwenye simu mara nyingi hufikiri ni mjukuu wa Patrice. Hapana, ni Mjaluo. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa hali ya hewa wa Copenhagen, aliyesema kwa niaba ya inchi maskini, na kwa ukali, alikuwa mwanadiplomasia wa Sudan, Lumumba Di-Aping. Huyu naye hana damu ya Onalua.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Mmarekani. Edwin Finley Taliaferro alizaliwa Detroit mwaka 1947. Alipokuwa kijana alikataa majina hayo, akajiita Chokwe Lumumba: la kwanza kutoka kwa Wachokwe, ambao sehemu yao wako kusini mwa Kongo, la pili kutoka kwa waziri wetu wa kwanza. Akawa mwanasheria wa watu weusi, na mwaka 2013 wakaaji wa Jackson, mji mkuu wa Mississippi, wakamchagua kuwa meya. Alifariki kabla ya kumaliza mwaka mmoja. Mtoto wake, Chokwe Antar Lumumba, akashika kiti hicho kutoka 2017 hadi 2025. Hivyo Lumumba limekuwa jina la ukoo Mississippi, la baba na mtoto, jambo ambalo Onalua halikuwa hivyo.

Si kila mahali ni heshima. Nchini Ujerumani, kwenye masoko ya Noeli, watu hunywa kakao ya moto iliyotiwa pombe ya rum, na kinywaji hicho kinaitwa Lumumba. Wengi huagiza bila kujua. Kuna Wajerumani waliodai jina libadilishwe, wengine wakajibu kwamba ni mazoea tu. Kumchanganya mtu aliyeuawa na kikombe cha chokoleti ya kahawia si mazoea, ni dharau.

Ubelgiji wenyewe ulichelewa. Mwaka 2018, tarehe 30 mwezi wa 6, Brussels ilifungua uwanja wa Patrice Lumumba karibu na Matonge. Miaka minne baadaye ilirudisha jino lake, kitu pekee kilichobaki mwilini mwake, ambalo polisi Mbelgiji aliyesimamia uharibifu wa maiti alilichukua kwake kama kumbukumbu. Binti yake Juliana ndiye aliyemwandikia mfalme kulidai. Jeneza lilipitishwa Onalua, Kisangani na Shilatembo alipouawa, kisha likawekwa Limete, chini ya sanamu. Mwezi wa 11 mwaka 2024 watu wasiojulikana waliingia humo, wakavunja. Serikali ilisema jino liko salama, halikuwa pale.

Familia yenyewe haikupata mengi kwa jina hilo. Mjane, Pauline Opango, alifariki mwaka 2014 bila kumzika mumewe. Guy-Patrice aligombea uraisi mwaka 2006, kura hazikuja.

Na Onalua? Mwaka 2013 serikali ilitangaza kwamba eneo hilo, pamoja na Wembo-Nyama, ni mji, na kuuita Lumumbaville. Kwa mwenye kufika huko, bado ni vijiji. Lakini mtoto anayezaliwa leo pale alipozaliwa Élias Okit'Asombo anaandikwa mzaliwa wa Lumumbaville, hata wazazi wake wakimpa jina jingine kabisa.