Kunasa, kudukua, kukwaza: maneno ya usalama wa mawimbi ya redio

Mwanafunzi wangu mmoja, mwenyeji wa Morotonga wilayani Serengeti, alifasiri ilani ya usalama wa redio za upepo wanazotumia askari wa wanyamapori. Kila palipotajwa shambulio aliandika “kudukua”. Kosa laonekana dogo, lakini askari anayeisoma ilani hiyo atatafuta nywila ya kubadili, ilhali redio yake ya analojia haina nywila: yeyote mwenye kipokezi kilichowekwa kwenye masafa yale yale humsikia akitaja mahali alipo.

Kitendo hicho ni “kunasa” mawimbi. Anayenasa hatumi chochote, kwa hiyo haachi alama hewani. Kinga ni kuyasimba mawasiliano yenyewe. Pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambako nyaya hutegwa kuwanasa nyumbu, kitenzi hiki hakihitaji maelezo marefu. Kamusi za zamani zina pia “dukiza”, yaani kusikiliza kwa siri. Ningefurahi lirudi, ingawa sina matumaini makubwa.

Kola wanazovishwa wanyama ili wafuatiliwe zina hatari hiyo hiyo. Kola ya VHF hutoa mdundo kwenye masafa yasiyobadilika, na mwenye kipokezi na antena ya kuelekeza aweza kuufuata hadi kwa mnyama. Nchini Kanada, Hifadhi ya Banff iliwazuia wageni kutumia vipokezi vya aina hiyo, baada ya hofu kwamba wapiga picha walikuwa wakiwaandama wanyama kwavyo. Kola za setilaiti zina udhaifu mwingine. Mwaka 2013, nchini India, palikuwa na jaribio la kuingia kwenye baruapepe iliyopokea taarifa za mahali alipo chui milia. Hapo ndipo “kudukua” kunapostahili, maana mlango uliosukumwa ni wa kompyuta.

“Kukwaza” mawimbi ni kutuma kelele zenye nguvu ili ujumbe halali usisikike; mkwazaji, tofauti na mnasaji, hujifichua, kwani kelele zake zaweza kufuatwa hadi zitokako. “Kughushi” ni kutuma ishara ya uongo inayojifanya ya kweli.

Lipo pia “muingiliano wa masafa”, ambao mara nyingi ni ajali tu: mtambo mbovu, au watumiaji wawili kugongana. Mfasiri anayeliandika neno hilo mahali pa “kukwaza” huwa amemfuta mkosaji katika sentensi.