ELIMU YA BAHARI NA RIZIKI YA MAMA ZETU



Sisi tukaao pwani ya mashariki ya Unguja na kufundisha watoto chuoni twaujua mwezi hata bila ya kuutazama. Siku zifuatazo mwandamo, na vivyo hivyo siku zifuatazo mwezi mpevu, mkekani huonekana nafasi tupu, kwa kuwa ndizo siku za bamvua. Maji hupwa sana asubuhi, na wasichana huandamana na mama zao kwenda mashamba ya mwani. Hatuwalaumu. Daftari, msahafu na nguo ya Idi, vyote hutoka humo humo.

Kilimo hiki si cha wazee wetu wa kale. Zamani watu waliokota mwani uliojiotea wenyewe, wakauza. Katika miaka ya 1970 Profesa Keto Mshigeni, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alihimiza mwani ulimwe kama mazao mengine. Na mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Mbegu zilikuwa za namna mbili: spinosamu na kotonii. Mwani hukaushwa, ukapelekwa ng'ambo, na huko hutolewa ndani yake kitu kiitwacho karajinani, kigandishacho vyakula na dawa za meno. Kotonii hupata bei kubwa zaidi, maana karajinani yake huganda kwa nguvu. Tangu mwanzo wengi wa wakulima walikuwa wanawake, na wengi wao ndiyo mara ya kwanza kushika fedha za jasho lao wenyewe.

Kisha kotonii ikaanza kufa. Mama alifunga mbegu nzuri kwa taitai, akarudi bamvua la pili akakuta matawi yamegeuka meupe na kukatika, au yamevamiwa na magugu ya bahari. Hapo ndipo ndimi zilipofunguliwa. Tumesikia kwa masikio yetu majirani wakisema kuwa fulani ana husuda. Wengine wakasema pahala pale pana mashetani. Na waume wengine, Mwenyezi Mungu atusamehe sote, wakasema kuwa wake zao ni wavivu. Nyumba zilinuniana kwa jambo ambalo hakuna aliyelichunguza.

Ni katika hali kama hii ndipo inapofaa kuwajua watu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari. Taasisi hii ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nayo iliundwa mwaka 1978. Kazi ya utafiti wa bahari hapa Unguja ina umri mkubwa kuliko huo, kwani katika miaka ya 1950 palikuwapo shirika la utafiti wa uvuvi wa bahari lililohudumia nchi zote za Afrika Mashariki, na makao yake yalikuwa hapa hapa. Jumuiya ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, Taasisi ikasimama mahali pa shirika hilo. Wengi wetu tumepita mbele ya nyumba yake ya Mizingani, iliyoelekea bahari, tusijue yaliyomo. Leo ina majengo mengine Buyu, kusini ya mji, pia ukingoni mwa bahari.

Kazi yao ni nini? Wapo wanaochunguza mikondo ya maji na kuliwa kwa fukwe. Wapo wa samaki, wa mikoko, wa matumbawe. Maabara zina darubini za kuonea viumbe visivyoonekana kwa jicho, na vyombo vya kupimia joto la maji, chumvi na uchafu. Wanafunzi huja kusoma mpaka daraja za juu kabisa za elimu. Lakini maabara yao kubwa ni bahari yenyewe. Mwaka 1998, maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto la ajabu na matumbawe mengi yakageuka meupe na kufa, wataalamu walizamia na kuhesabu yaliyokufa na yaliyosalia, mwaka baada ya mwaka. Kuhesabu huku kwaweza kuonekana ni kazi kavu. Lakini asiyehesabu mali yake hajui limwibialo.

Kwa habari ya mwani, Dakta Flower Msuya, aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi hiyo, aliingia mashambani pamoja na wakulima, akapima na kuuliza. Jibu lililopatikana halikuwa husuda wala uvivu. Maji ya kina kifupi, jua linapoyapiga wakati wa kupwa, hupata joto ambalo kotonii hailiwezi. Mwani uliodhoofika hushikwa na maradhi na magugu. Spinosamu huvumilia zaidi, ndiyo maana imebaki, ingawa bei yake ni ndogo.

Dawa iliyojaribiwa ni kuipeleka kotonii kwenye maji ya kina, yasiyochemshwa na jua, ikapandwa ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija, ili mawimbi yasiikate. Mwani huota humo. Ila tusidanganyane: maji ya kina yataka mashua, na yataka mtu ajuaye kuogelea, na wangapi katika mama zetu walifundishwa kuogelea? Kwa hiyo imeangaliwa na njia ya pili, nayo ni kuusaga mwani hapa hapa na kuutia katika sabuni na vyakula, ili hata ule wa bei ndogo ulete faida zaidi.

Ndugu zetu, Kurani Tukufu yatukumbusha katika Suratun Nahli kwamba bahari imetiishwa kwa ajili yetu, tule nyama yake laini na kutoa mapambo yake. Na katika Suratul Hujurati tumekatazwa dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi. Sisi twaona kuwa mafunzo haya mawili yamekutana katika shamba la mwani. Aliyepima joto la maji amemwondolea jirani tuhuma, na amemwondolea mke lawama.

Basi yatupasa nini? Mtafiti akija na kipimo chake, tumjibu kwa ukweli, maana mvuvi na mkulima wajua mengi yasiyomo vitabuni. Nao watafiti twawaomba warejeshe majibu kijijini kwa Kiswahili chepesi, si kuyafungia makabatini. Na wazazi, binti mwenye akili ya hesabu asomeshwe. Huenda siku moja akarudi pwani hii na daftari mkononi, akampimia mama yake maji. Mpaka siku hiyo ifike, bamvua likija tutazidi kumwekea nafasi yake mkekani.

Wabillahi tawfiq.