Pampu ya stelingi Songea: fedha zinakwenda wapi

Gari likianza kuwa zito kwenye kona na kulia kila usukani unapozungushwa, mwenye gari wa Songea huuliza kwanza bei ya pampu. Swali hilo huja mapema mno. Katika biashara yote ya spea za usukani mkoani Ruvuma, kinachoweza kumwokolea mteja fedha nyingi kuliko chochote ni saa moja ya fundi kuchunguza gari, na saa hiyo karibu hakuna anayeilipia.

Pampu yenyewe inatoka mbali. Nyingi zinazofungwa kwenye Hiace, Coaster, Land Cruiser na Corolla za zamani ni za mtumba, zimevuliwa kwenye magari yaliyokatwa Japani au zimepitia Dubai kabla ya kufika Kariakoo, Dar es Salaam. Fundi wa Songea hupiga picha ya pampu mbovu na namba ya chasisi, akavituma kwa simu kwa muuzaji wa Kariakoo. Fedha nazo hutumwa kwa simu, kisha kifurushi hupakiwa kwenye basi lipitalo Morogoro, Kitonga, Iringa, Makambako na Njombe, safari ya zaidi ya kilomita 900. Pampu ikifika ikiwa na puli tofauti au tundu la paipu upande usiofaa, safari hiyo huanza upya, na mara nyingi kwa gharama ya mteja.

Tupige hesabu ya mfano tu, isichukuliwe kuwa bei ya duka lolote. Tuseme pampu ya mtumba ni shilingi 150,000, kutuma fedha na nauli ya kifurushi 15,000, oili 30,000, ufundi 30,000. Jumla ni 225,000. Aliyetumia akili na mikono yake amepata chini ya shilingi 14 katika kila 100. Kwa kuwa uchunguzi haumwingizii kitu na kufunga kipuri kunamwingizia, tusishangae akikimbilia kufunga. Simlaumu fundi. Mfumo wetu wa malipo ndio uliomfundisha hivyo, na sisi wateja tumeushikilia kwa kukataa kulipa mtu “aliyeangalia tu”.

Kuangalia huko kuna thamani gani? Pampu hii huzungushwa na injini kupitia mkanda, husukuma oili kwenye reki au boksi la stelingi, na usukani ukikatwa hadi mwisho msukumo unaweza kupita psi 1,000. Tairi la gari dogo hujazwa psi 30 hivi. Kwa nguvu kama hiyo, dosari ndogo hujitokeza kama ugonjwa mkubwa. Mkanda uliolegea huteleza, na usukani huwa mzito. Mpira wa kupeleka oili kutoka kwenye kopo hadi kwenye pampu ukipasuka kidogo kwenye klipu, pampu hunyonya hewa, oili hutoka povu na mlio huanza. Kwenye magari mengi ya Toyota kopo la oili lina kichujio ndani yake, na kikiziba kwa uchafu pampu hulia ingawa ni nzima. Pampu inayovuja mara nyingi imechoka sili tu, na seti ya sili ni bei ndogo sana ikilinganishwa na pampu. Hayo yote hukaguliwa bila kuagiza chochote Dar es Salaam.

Kuna pia suala la oili, na hapa hasara nyingi tunajitengenezea wenyewe. Toyota nyingi za pampu hutumia ATF, ile nyekundu ya giaboksi otomatiki. Dereva aliyeishiwa njiani huongeza chochote alicho nacho. Akimimina oili ya breki, sili za mpira huvimba na kulainika, na baada ya muda mfumo mzima huvuja. Baya zaidi ni kufunga pampu nyingine bila kusafisha oili ya zamani. Vumbi la chuma kutoka pampu iliyokufa hubaki kwenye mipira na reki, likarudi kuila pampu iliyofungwa jana. Mteja husema ameuziwa feki, muuzaji husema fundi kakosea, na hakuna karatasi ya kuamua kati yao.

Mazingira ya Ruvuma yanafanya jambo hili kuwa zito kuliko mijini kwenye tambarare. Barabara ya kutoka Njombe inapinda kwenye milima ya Lukumburu, na ile ya Mbinga kwenda Mbamba Bay inateremka kwa kona mfululizo hadi Ziwa Nyasa. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka, wilayani Mbinga, hupita Songea, Namtumbo na Tunduru kwenda bandari ya Mtwara, biashara iliyopanda sana baada ya Urusi kuivamia Ukraine mwaka 2022. Lori lililojaa makaa likipoteza msaada wa usukani kwenye kona, hilo ni suala la uhai. Wakati wa mavuno ya mahindi na kahawa, Fuso lililolala gereji siku tatu likisubiri kifurushi linaweza kumkosesha mwenyewe fedha nyingi kuliko bei ya pampu.

Wanaonunua Toyota IST wameepuka pampu kabisa, maana usukani wake husaidiwa na mota ya umeme. Lakini mota hiyo au kompyuta yake ikifa, spana pekee hazitoshi; inahitajika mashine ya kusoma hitilafu na fundi anayeielewa.

Nafasi ya biashara Songea ninaiona kwenye vitu vidogo kuliko kwenye pampu. Duka lenye seti za sili, mipira ya oili, klipu, mikanda na ATF ya kuaminika, pamoja na geji ya kupimia msukumo wa pampu, lingeokoa safari nyingi za vifurushi. Gereji nazo ziweke ada ya uchunguzi iliyoandikwa ukutani, ikatwe kwenye bili mteja akitengenezea hapo. Na kila pampu ya mtumba iuzwe na risiti inayotaja siku za majaribio na nani analipa nauli ikirudishwa Kariakoo.