Kamionete Iliyoshushwa na Kifimbo cha Freni

Ndugu wafanyakazi, na ninyi akina mama na watoto mnaopanda nyuma,

Kamionete tupu inaruka. Mtu wa Kalunguta hahitaji kuelezwa: ukitoka Butembo bila mzigo, kila shimo linafika mgongoni. Resori zake zilitengenezwa kwa kubeba mamia ya kilo, si shofa peke yake. Ndiyo maana wengi wenye gari la zamani, Hilux au Land Cruiser iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wanne, wanamwambia fundi: toa kipande kimoja, ilainike. Vijana wengine wanataka tu ikae chini kwa urembo. Wengine wana nia njema kabisa, mama mzee apande bila kubebwa.

Kazi yenyewe ni ya saa chache. Fundi anatoa kipande kimoja au viwili vya resori. Au, na hii ni mbaya kuliko zote, anaipasha resori moto mpaka ilegee. Chuma cha resori kilipewa nguvu yake kiwandani, kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Moto wa garaji unaiondoa nguvu hiyo. Gari litaonekana zuri siku chache, kisha resori italala, au itavunjika siku imebeba mzigo.

Lakini neno letu la leo ni freni. Gari likiwa limesimama pahali tambarare, injini imezimwa na mawe yako kwenye magurudumu, inama utazame karibu na mhimili wa nyuma. Kamionete nyingi za miaka ya 1980 na baadaye, Hilux zikiwemo, zina kifimbo chembamba cha chuma kinachotoka kwenye mhimili kwenda kwenye valvu ndogo iliyofungwa kwenye shasi. Kifimbo hicho kinapima mzigo. Gari likijaa, shasi inashuka, valvu inaruhusu nguvu zaidi ya freni iende nyuma. Gari likiwa tupu, shasi iko juu, valvu inapunguza, kwa kuwa nyuma ni nyepesi na magurudumu yangekwama upesi.

Sasa ukitoa kipande cha resori, shasi inashuka. Kifimbo hakijui kwamba ni kazi ya fundi. Kinadhani gari limejaa. Unateremka kilima, gari tupu, mvua imeanza, udongo umekuwa sabuni. Unakanyaga freni, magurudumu ya nyuma yanakwama kabla ya yale ya mbele. Gurudumu lililokwama halifuati njia. Mkia wa gari unataka kutangulia, na upande mmoja kuna bonde.

Anayeongeza vipande ili apakie viazi na makaa zaidi asicheke. Kwake kifimbo kinadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa. Freni za nyuma zinafanya kazi kidogo tu, na zile za mbele zinabeba mteremko wote mpaka zinachemka.

Unataka gari lilainike? Anza na mipira ya kwenye ncha za resori, ambayo kwenye gari la zamani mara nyingi imekwisha kufa, na amortiseri zinazovuja. Pima upepo wa magurudumu. Wengi wanajaza kama jiwe, halafu wanalaumu resori. Kwa mama mzee, fundi wa kuchomelea atengeneze kidaraja cha kupandia nyuma. Ni chuma kidogo, na freni hazikuguswa.

Gari la kazi, bila shaka, halibadilishwi na mtu. Ukiona limeinama upande mmoja, andika na uliache garaji.

Na kama la kwako limekwisha kushushwa, rudisha vipande vya asili, pande zote mbili sawasawa, kisha fundi apange kifimbo kwa kipimo cha kitabu cha gari. Asikifunge kwa waya. Tumekwisha kuona waya. Baadaye lijaribuni kwenye uwanja mpana wa udongo, bila abiria, mwendo wa mtu anayekimbia. Kanyaga freni kwa nguvu, mwenzako akiwa amesimama mbali pembeni. Akiona magurudumu ya nyuma yamekwama kwanza, watu wasipande gari hilo mpaka lirudi kwa fundi.