Mto Shari unaleta kura, ampule inatapanya moto

Mama mmoja jirani yetu hapa Shari alipoteza vifaranga 17 usiku mmoja. Ugonjwa hakuna, mwizi hakuna. Mtoto wake alinunua ampule ya LED sokoni Bunia, akatoa ile ya zamani ya wati 60 iliyokuwa inaning'inia ndani ya sanduku la vifaranga. Ile mpya iliwaka nyeupe kabisa. Asubuhi vifaranga vilikutwa vimejikusanya fasi moja, vimekufa. Mama akaniuliza: «Papa, hii ampule iko na sumu?»

Hapana, mama. Haina sumu. Haina moto tu.

Wengi wetu tunafikiri ampule ni kitu cha kutoa mwanga. Ile ya zamani, kusema kweli, ni jiko dogo linalotoa mwanga kidogo. Ndani yake kuna uzi mwembamba wa tungsteni. Kura inapopita, inasukumana na uzi ule, kama watu wengi wanaopita mlango mdogo. Uzi unapata moto mpaka karibu digrii 2 500, ndipo unawaka. Chuma cha kawaida kingeyeyuka zamani, lakini tungsteni inavumilia mpaka zaidi ya digrii 3 400. Ndani ya kioo hawaachi hewa, juu oksijeni ingeunguza uzi mara moja.

Sasa hesabu. Kwa kila wati 100 zinazoingia, karibu 5 tu zinatoka kama mwanga ambao macho yanaona. Zingine zote ni moto. Kwa hiyo ampule ya mama yule ilikuwa inapasha sanduku kwa wati karibu 57. Ile ya LED inatoa mwanga sawasawa kwa wati 8 au 9 tu, na moto wake haufike hata wati 7. Kwenye LED hakuna uzi wa kuunguza. Kura inapita ndani ya kipande kidogo sana ambacho kinatoa mwanga chenyewe. Bunia iko juu ya metre 1 200, usiku kuna baridi. Vifaranga vilihitaji jiko, si taa.

Lakini sisi hatulali ndani ya sanduku la vifaranga. Ule moto tunaulipa bure. Ampule 4 za wati 100, zikiwaka saa 5 kila usiku, zinakula kilowati-saa 60 kwa mwezi. LED 4 za wati 12 zinakula 7 na kidogo. Mfanyakazi anayelipa kwa kompteri aweke hesabu hiyo pembeni ya mshahara wake, ataona mwenyewe.

Kuna wale wanaosema: «Mimi nalipa forfe, inanihusu nini?» Inakuhusu. Mto wetu Shari ndio unazungusha mashine za Budana, sentrali iliyojengwa wakati wa Wabeleji kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Maji hayaongezeki juu sisi tumeongezeka. Watu wengi wakivuta kura kwenye waya mmoja, voltaji inashuka. Inapotoka 220 mpaka 150, ampule ya zamani inakuwa nyekundu kama makaa: inakula bado zaidi ya nusu ya kura yake, lakini mwanga unabaki karibu robo. Na waya wenyewe unapata moto njiani. Mkipunguza kura inayopita kwa nusu, hasara ya waya inashuka mpaka robo. Ndiyo maana nasema hii ni kazi ya wote, sawa na sendika. Nyumba moja ikibadilisha, jirani haoni kitu. Avenue nzima ikibadilisha, wote wanaona.

Ndani ya mgodi ni jambo la uhai. Bado kuna wachimbaji wanaoshuka na taa ya moto, ya kaburi ao ya mafuta. Ile moto inakula oksijeni ileile wanayopumua. Taa ya LED ya kichwani, na batri yake, haiguse hewa. Kwa maoni yangu, taa hiyo haipaswi kutoka mfukoni mwa mchimbaji. Iwekwe kwenye orodha ya vifaa vya kazi pamoja na kofia na buti, na delege aidai kwenye kila mkutano.

Neno moja juu ya zile ampule za bomba lililokunjwa, ambazo watu wanaita ekonomiki. Zinakula kidogo, ni kweli, lakini ndani kuna zebaki, ileile inayotumiwa kukamata dhahabu. Ni kidogo sana, lakini ikipasuka nyumbani, toa watoto, fungua madirisha, usifagie kwa mkono mtupu.

Mama jirani amerudisha ampule yake ya wati 60 kwa vifaranga vipya, mbali na majani makavu, juu kioo chake kinaweza kuwasha moto. Sebuleni kwake, ameacha LED. Kila moja iko sasa kwenye kazi yake.