Tegemeo na Mtegemezi: Utunzaji wa Maktaba za Nje katika Lugha ya Python

Wanaisimu wengi siku hizi huikabidhi kompyuta kazi ya kuhesabu maneno, kuchambua viambishi na kupanga matini. Programu zifanyazo kazi hizo aghalabu zimeandikwa kwa Python, lugha iliyobuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka wa 1991. Python ni lugha huria, yaani msimbo wake waweza kusomwa, kurekebishwa na kusambazwa na mtu yeyote. Hata hivyo, lugha hii haijitoshelezi. Hutegemea maktaba zilizoandikwa na watu wengine, na baadhi ya maktaba hizo nazo hutegemea nyingine. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mategemeo hayo yanavyotunzwa, na kwa nini utunzaji huo unamhusu mtafiti wa lugha.

Tuanze na istilahi. "Maktaba" hapa siyo jengo la vitabu, bali ni mkusanyo wa maagizo yaliyokwisha kuandikwa, ambayo mwandishi wa programu huyaita badala ya kuyaandika upya. Ama kuhusu uhusiano wa programu na maktaba, Kiswahili kimetujalia maneno mawili kutokana na kitenzi kimoja. Mtegemezi ni yule anayetegemea. Tegemeo ni kile kinachotegemewa. Programu, basi, ndiyo mtegemezi, na maktaba ndiyo tegemeo. Tukiiita maktaba "kitegemezi", tutakuwa tumeugeuza uhusiano huo juu chini. Tofauti hii si ya maneno matupu, kwa sababu hitilafu ya tegemeo humfikia mtegemezi, lakini hitilafu ya mtegemezi hailigusi tegemeo.

Watunzaji wa Python wana njia kuu mbili za kushughulikia maktaba za nje. Njia ya kwanza ni kuinakili maktaba na kuiweka ndani ya msimbo wa lugha yenyewe. Mfano wake ni Expat, maktaba ya kusomea matini za XML, ambayo asili yake ni kazi ya James Clark. Faida ya njia hii ni kwamba mtumiaji hupata kila kitu mahali pamoja. Hasara yake ni kwamba marekebisho yakifanywa kwa wenye Expat, nakala iliyomo ndani ya Python hubaki na kasoro yake mpaka watunzaji wailete nakala mpya. Mnamo Februari 2024, toleo la Expat 2.6.0 liliondoa kasoro ambayo ingemwezesha mtu mwenye nia mbaya kuilemea kompyuta kwa matini yaliyoundwa makusudi. Mwezi uliofuata, watunzaji wa Python walitoa matoleo 3.8.19, 3.9.19 na 3.10.14 yenye nakala hiyo mpya. Kwa kuwa kila tawi la Python hutunzwa kwa muda wa miaka mitano hivi, kasoro moja ya tegemeo huweza kudai kazi katika matawi kadhaa kwa wakati mmoja.

Njia ya pili ni kuiacha maktaba nje na kuitumia ile iliyokwisha kuwekwa katika mfumo wa kompyuta. Hivyo ndivyo Python inavyoitumia OpenSSL, maktaba ya kulinda siri za mawasiliano, katika mifumo mingi ya Linux. Hapo OpenSSL ikirekebishwa mara moja, programu zote za mfumo huo hunufaika. Lakini watunzaji wa Python hawana mamlaka juu ya toleo litakalokutwa huko. Kwa sababu hiyo, Python 3.10 ya Oktoba 2021 ilikataa OpenSSL yoyote iliyotangulia 1.1.1. Wenye mifumo ya zamani hawakuwa na budi kuibadilisha kwanza.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni NLTK, maktaba ya uchambuzi wa lugha iliyoanzishwa na Steven Bird na Edward Loper katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka wa 2001. Data zake za kukatia matini katika sentensi zilihifadhiwa kwa muundo ambao, unapofunguliwa, waweza kutekeleza maagizo yaliyofichwa ndani yake. Mwaka wa 2024 watunzaji waliuacha muundo huo, wakazitoa data kwa jina jipya. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, kwani uliwalinda wengi. Hata hivyo, programu zilizolitafuta jina la zamani zilikwama mara tu zilipokutana na toleo jipya.

Hapa pana mvutano wa kweli. Utafiti hudai uthabiti, ili mwingine aweze kuurudia na kuyapata matokeo yale yale. Usalama nao hudai mabadiliko. Anayefungia matoleo ya maktaba daima hufungia pia kasoro zake; anayepokea kila toleo jipya bila kulijaribu hujenga juu ya mchanga. Kwa maoni yetu, utafiti uliokwisha uandikiwe orodha kamili ya maktaba na nambari za matoleo yake, na orodha hiyo isiguswe. Huduma inayoendelea, mathalan kamusi inayotumiwa na umma, haina budi kusasishwa na kujaribiwa kila mara.

Isitoshe, nyuma ya kila tegemeo kuna binadamu, mara nyingi mtu anayejitolea bila malipo. Maktaba ya xz, ambayo Python huitegemea katika kusoma mafaili yaliyobanwa kwa namna hiyo, ilitunzwa kwa muda mrefu na mtu mmoja aliyekuwa amelemewa. Msaidizi aliyejitambulisha kwa jina linaloaminiwa kuwa la bandia alifanya kazi njema kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, kisha akaingiza mlango wa siri katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mhandisi Andres Freund aliugundua na kuutangaza tarehe 29 Machi 2024, baada ya kushangazwa na ucheleweshaji wa nusu sekunde hivi.

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika uwanja huu haiwezekani kuacha kutegemea. Linalowezekana ni kumjua ndugu huyo, kujua hali yake, na kumsaidia anapolemewa. Idara zetu zinazokusanya matini za Kiswahili zingeweza kuanza kwa hatua mbili ndogo: kila makala yanayotumia hesabu za kompyuta yataje maktaba na matoleo yake, na kila mradi wa kamusi uwe na mtu aliyepewa jukumu la kuyaangalia mategemeo hata baada ya fedha za mradi kwisha. Bila hivyo, hesabu tunazozichapisha leo huenda zisiweze kuthibitishwa na wanafunzi wetu wenyewe.